Chai ya Bwana Fulani

Tulipomzika baba mkwe wangu, pale nyumbani juu ya Nyakoe, zamu yangu ya kutupia udongo ilipofika niliinama nikasema maneno machache kwa Kiswahili. Sikuyasema kwa nguvu, lakini wanawake wa ukoo waliokuwa nyuma yangu waliyasikia, na nikahisi shingo zikigeuka. Nani humuaga mzee wa Kisii kwa Kiswahili? Kiswahili ni cha sokoni, cha hospitali, cha kumjibu polisi. Mzee huagwa kwa lugha aliyonyonya nayo. Mtu mmoja tu katika umati ule ndiye aliyeelewa, naye alikuwa Zuhura, rafiki yangu tangu ujana, aliyepanda kutoka Kisii mjini na kiti chake cha kukunja kwa sababu magoti hayamtii tena. Alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanatikisika, na waombolezaji wakampisha wakidhani analia. Mimi nilijua anacheka. Baadaye, tulipokuwa tumekaa wawili nyuma ya jiko na sahani zetu za wali, alinifuta machozi kwa pembe ya mtandio uleule akaniambia, "Moraa, haya mambo yaandike. Ukifa nayo nitakuchukia." Basi nayaandika, maana Zuhura akichukia anachukia kweli.

Kwa wasiotujua nieleze kidogo. Kwetu Gusii kuna kitu tunakiita ensoni. Wengi hukitafsiri kuwa ni aibu, lakini si aibu ya mtu aliyekosa. Ni heshima yenye ukuta. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawataniani, hawaketi pamoja, na mzee hawezi kukanyaga ndani ya nyumba ya mwanawe hata kama mvua inamlowesha mlangoni. Ukimsalimu, unamsalimu kwa mbali ukiangalia vidole vyako vya miguu. Nimekaa katika boma lile hadi nikapata wajukuu, na kwa miaka yote hiyo mimi na yule mzee tuliongea, kuongea kwa kweli, mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye sherehe ya Zuhura ya kuzaliwa, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kabla sijajua yeye ni nani. Mwaka huo ndio ulionifanya niwe mtu anayeongea, na wanaonijua leo hawaamini kwamba niliwahi kuwa kitu kingine.

Nilikuwa nimeletwa mjini kutoka upande wa Nyamira kujifunza kupiga taipu. Nilipanga chumba kwenye ua wa akina Zuhura, chumba chenye dirisha dogo lililotazama jiko lao, kwa hiyo nilijua wanakula nini kabla wao wenyewe hawajajua. Asubuhi ilikuwa harufu ya mahamri, mchana vitunguu, jioni nazi iliyosafirishwa kutoka kwa ndugu za baba yake. Baba yake, Mzee Athumani, alikuwa ametoka Pwani akiwa kijana na alikuwa na duka la vitambaa mbele ya ua. Mama yake alikuwa binti wa Kiogoro, Mgusii kama mimi, aliyesilimu alipoolewa, na Ekegusii chake kilimtoka akikasirika tu au akiungua mkono. Mimi nilikula chumbani mwangu peke yangu, obokima, yaani ugali wetu wa wimbi, na mboga ya chinsaga, nikisikiliza mazungumzo yao kupitia dirishani. Walikuwa watu wa kusema. Waligombana kuhusu chumvi, wakabishana kuhusu jirani, wakacheka mpaka sufuria zikaanguka, na mimi nikacheka pia huku nimejiziba mdomo ili wasijue kwamba ninasikiliza. Katika darasa la taipu wenzangu walikuwa wameniita Bubu. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, kimenyooka, kikavu, na kila nilipofungua mdomo nilihisi lafudhi ya nyumbani inanitangulia kuingia. Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kunyamaza, na kunyamaza nilikuwa nimekuzoea kabisa.

Ni Zuhura aliyenivuta nje ya kile chumba. Siku moja aliingia bila kubisha, akaketi kitandani kwangu, akanitazama nikila, akaniuliza kwa nini ninacheka kupitia ukutani kama panya. Tangu siku hiyo nilikula kwao. Nilikuja kujua kwamba yeye naye, pamoja na maneno yake yote, alikuwa na kidonda. Kwetu huwezi kumaliza salamu bila kuulizwa wewe ni wa nani, wa ukoo gani, babu yako alizikwa wapi. Haiulizwi kwa ubaya. Mtu anataka kujua kama wewe ni dada yake, au mtu wa kuoana naye, au mtu wa kuheshimiwa kwa mbali, ndipo ajue atumie sauti gani. Lakini Zuhura akijibu, jibu lake halikumfaa mtu yeyote. Wagusii walimwambia yeye ni wa Pwani, na alipokwenda Pwani kutembelea shangazi zake waliambiana kwamba yule mtoto wa bara amekuja. Aliniambia haya akichambua mchele, bila machozi, kisha akasema mwaka huu atafanya sherehe ya siku yake ya kuzaliwa, na kwenye sherehe hiyo atakayemwuliza mwenzake ukoo atatolewa nje.

Hapo lazima nimtaje Samwel. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na kwetu Nyamira, mrefu, mpole, na nilikuwa nampenda hadi nikawa nakosea herufi kwenye taipu. Tulikuwa tumekubaliana kuoana. Kilichobaki ni wazee wa pande mbili kukutana, na kilichonitisha ni baba yake. Sikuwa nimemwona. Nilichojua nilikuwa nimekipata kwa watu: kwamba ni fundi cherehani huko Nyakoe, kwamba ni mzee wa kanisa letu la Sabato, kwamba hapendi wasichana wa mjini, na kwamba mwaka uliotangulia alikuwa ameukataa uchumba wa mwanawe mkubwa kwa sababu tu msichana alisikika akipiga mluzi. Dada yake, Shangazi Kwamboka, ndiye aliyekuwa esigani wetu, yaani mjumbe anayechunguza ukoo wa binti na mwenendo wake kabla ya wazee kukaa. Samwel mwenyewe aliniambia bila kuficha: baba akisema hapana, hakuna atakayembadilisha. Neno lake moja lingetosha kunirudisha kwetu na kumpa Samwel mke mwingine.

Basi siku ya Zuhura ikafika. Alichagua Jumapili, maana Wasabato tulikuwa tumeshamaliza siku yetu, Wakatoliki watakuwa wametoka misa, na Waislamu wako nyumbani. Keki tuliioka wenyewe kwa sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko, na Mama Zuhura alisimama kando akisema hiyo si keki, ni mkate uliopata kiburi. Iliungua upande mmoja. Tukageuza upande huo ukutani. Mishumaa midogo ya keki hatukuijua inapatikana wapi, kwa hiyo Zuhura alichomeka mshumaa mmoja wa nyumbani, ule mnene wa kutumia taa zikizimika, ukasimama katikati kama mlingoti. Wageni walikuwa watu kama ishirini: majirani, wateja wa Mzee Athumani, wenzake Zuhura, wengi wao hawajuani. Mlangoni Zuhura alimsomea kila mmoja sheria yake. Hapa hakuna kuulizana ukoo, wala kijiji, wala baba. Hata jina si lazima, chagua unalolitaka. Watu walicheka, wengine wakashtuka kidogo. Mshumaa ulipowashwa ukimya ukaanguka, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona jambo hilo, wazee wawili wakavua kofia na kuinamisha vichwa, mama mmoja akafanya ishara ya msalaba, na bwana mmoja wa nyuma akasema amina. Zuhura akapuliza mshumaa. Yule mama wa msalaba akauliza kwa masikitiko kwa nini ameuzima kabla ya sala kwisha.

Halafu mvua ikaja. Mnaojua Kisii mwezi wa nne hamhitaji maelezo. Haikutoa hata onyo. Watu walikimbia na sahani zao za pilau kutoka uani, kila mtu akijibanza alipoweza, na mimi nikajikuta dukani, kati ya rafu, nimekaa juu ya robota la kitambaa cha khaki. Upande wangu mmoja alikuwa mama mnene mchangamfu aliyeuza samaki, aliyekuwa ametoka upande wa ziwani. Upande mwingine alikuwa bwana wa makamo aliyevaa koti la heshima na kofia ya duara ambayo hakuivua hata alipokuwa akila. Mabati yalikuwa yanapiga kelele hivi kwamba mtu hawezi kusikia mtu wa mbali, kwa hiyo ulilazimika kuongea na aliye karibu au kukaa kimya. Nilikuwa tayari kukaa kimya. Mama wa samaki hakuwa na mpango huo. Akaniuliza ninaitwa nani siku hiyo. Nikasema naitwa Mgeni. Akamgeukia bwana wa kofia, naye akasema kwa upole kwamba yeye ni Fulani.

Sijui nieleze vipi furaha ya saa zile. Tulianza na siku za kuzaliwa, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyejua yake. Mama wa samaki alisema alizaliwa siku ambayo baba yake alinasa kiboko kwenye wavu, na mpaka leo kwao watu huhesabu mambo kuanzia kiboko. Bwana Fulani akasema mama yake alimwambia alizaliwa mwaka wa nzige, wakati wa kupalilia wimbi. Nikamwambia nzige walikuja zaidi ya mara moja, kwa hiyo ana ruhusa ya kuchagua umri. Maneno yalinitoka yenyewe. Nilisikia sauti yangu nikashangaa, na yeye akaniangalia, akacheka kidogo ndani ya koo, akasema kama ni kuchagua basi anachagua leo, maana hapa keki ipo tayari. Mama wa samaki akapaza sauti kwamba tuna mtoto mchanga dukani, na Zuhura akaja mbio na kipande cha pili, kile cha upande ulioungua. Bwana Fulani alikila chote kwa heshima kubwa.

Nimefikiria sana miaka hii kwa nini ulimi wangu ulifunguka siku ile, na nadhani najua. Tulikuwa tunaongea Kiswahili. Kwa Ekegusii ningelazimika kumwita baba kwa sababu ya umri wake tu, na ningeinamisha macho kabla sijamaliza neno. Lugha yetu ina viti, na kila mtu anajua kiti chake. Kiswahili kilikuwa cha kuazima kwetu sote watatu. Mama wa samaki alikivunja upande wake, mimi na Bwana Fulani tukakivunja upande wetu, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumcheka mwenzake. Nilisikia lafudhi yake, nikajua ni Mgusii kama mimi, na yeye bila shaka alisikia yangu. Lakini sheria ya nyumba ilikuwa sheria. Tulijadili kama viazi vitamu ni chakula au ni adhabu. Alinitania kwamba nimekaa juu ya suruali za watu kabla hazijashonwa. Nilimwuliza kama kofia yake imeota mizizi, naye akajibu kwamba ndani yake amehifadhi akili kidogo iliyobaki na mvua isije ikaichukua. Kila nilipocheka nilihisi kama nimevua kiatu kinachobana.

Mama Zuhura akapita na sinia ya chai ya maziwa iliyotiwa tangawizi. Nikakataa, nikaeleza kwamba kwetu hatunywi. Sisi Wasabato wa siku zile tulilima majani chai, tukayachuma, tukayapeleka kwenye kituo, lakini nyumbani tulikunywa uji na maziwa. Wazee wa kanisa walifundisha kwamba chai hulevya damu. Bwana Fulani alichukua kikombe, akakinusa, akafumba macho. Akaniuliza kama tunachuma. Nikasema tunachuma. Akasema basi mikono yangu imeshakunywa kumzidi yeye. Nikamwuliza kama kwao wanakunywa, na akanijibu kwa uzito kwamba kwao hawanywi kabisa, wala yeye hanywi. Anayekunywa hapa ni Fulani. Alimaliza kikombe akaomba kingine. Nami nikachukua changu, cha kwanza maishani. Kilikuwa cha moto, kitamu, na tangawizi ilinikwaruza hadi nikatoa machozi, na nilijua papo hapo kwamba nimepotea.

Ndipo mama wa samaki akaniuliza kama nimeolewa. Nikasema bado, lakini kuna mwalimu. Na kwa kuwa ulimi ulikuwa umeshafunguka na chai imo tumboni, nikasema yote: mwalimu ni mtu wa dhahabu, taabu ni baba yake, fundi wa Nyakoe, mzee wa kanisa, mtu mkali hivi kwamba hata mbuzi hunyamaza akipita. Mama wa samaki alicheka akanipiga paja. Bwana Fulani alipaliwa na chai. Alikohoa muda mrefu, akajifuta koti kwa kitambaa, na aliponyamaza akaniuliza, kwa sauti ya chini iliyonibidi kusogea ili niisikie, kama ninaona afadhali nisiolewe huko. Nikasema hapana. Nikasema ninampenda Samwel, na hata kama angekuwa mtoto wa chui ningekwenda. "Nitamwamkia yule mzee kwa mbali," nikamwambia, "na nitazeeka bila kujua kama ana meno." Hapo alicheka kwa mdomo wote, kicheko cha mtu aliyekuwa amekificha muda mrefu, na nikaona ana pengo upande wa juu, kushoto.

Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza tena. Akasema, kama ingeruhusiwa, ningemwuliza nini huyo mkwe? Nilifikiri. Nikasema ningemwuliza Samwel alikuwa mtoto wa namna gani, kwa sababu Samwel hajisemi. Bwana Fulani akatazama mvua kupitia mlango wa duka. Akasema yeye huyo fundi hamjui, ila anajua kisa cha mtoto mmoja, kama kitanifaa. Mtoto huyo alikuwa na vifaranga, na mwewe akawachukua wote isipokuwa mmoja. Basi akaenda na yule mmoja shuleni, amemficha ndani ya shati. Katikati ya hesabu kifaranga kikalia. Mwalimu akauliza ni nini hicho. Mtoto akasimama, akasema ni mimi, mwalimu, na akalia kama kifaranga, tena na tena, mpaka akachapwa mbele ya darasa zima, na kifaranga hakikuonekana. "Alirudi nyumbani hawezi kukaa," Bwana Fulani akasema, "na alikuwa na furaha." Mama wa samaki akasema mtoto huyo ataoa vizuri. Mvua ilikuwa inapungua. Bwana Fulani akasimama, akampa mama wa samaki mkono, akampa Mzee Athumani mkono, akampa Zuhura mkono. Mimi aliniinamishia kofia tu, kwa mbali, akatoka. Nilidhani nimemuudhi kwa swali la kofia.

Juma lililofuata nilikwenda nyumbani Nyamira, Samwel akaja, na nikamsimulia sherehe nzima: mshumaa, amina, kiboko. Nilipofika kwenye kifaranga aliacha kutembea. Akaniuliza nani aliniambia hilo. Nikasema ni bwana mmoja tu wa kofia. Samwel akaketi kwenye nyasi zilizolowa akiwa na suruali yake nzuri, akaniambia siri ya kifaranga hicho wanaijua watu wawili duniani, yeye na baba yake.  Nikaanza kukumbuka kila neno nililosema, moja baada ya jingine, mbuzi, meno, mizizi ya kofia, na kila moja lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Nilikuwa nimemtania baba mkwe. Nilikuwa nimecheka naye paja kwa paja juu ya robota. Kwetu hilo halina jina zuri. Nikamwambia Samwel basi imekwisha, na yeye, Mungu amweke, hakusema imekwisha, lakini hakusema haijaisha pia. Wiki zilizofuata sikula vizuri. Mama Zuhura aliniwekea chakula, nikakizungusha kwenye sahani, na Zuhura alilia akisema sheria yake ndiyo imeniponza.

Wazee wa upande wa Samwel walikuja kwetu mwezi wa sita. Mimi nilikuwa jikoni na mama yangu na shangazi zangu, na kati ya jiko na sebule palikuwa na ukuta mwembamba wa udongo. Tulisikia kila kitu hadi viti vikilalamika. Walisali, wakasalimiana, wakazungumza habari za mvua na za barabara. Kisha Shangazi Kwamboka akasema, kwa sauti yake ya kuchunguza, kwamba kazi aliyotumwa ameifanya, ukoo ni safi, lakini kuna neno moja amelisikia mjini na hawezi kulimeza. Binti alionekana kwa Waislamu, kwenye sherehe ya ajabu ya kupuliza mishumaa, akicheka mchana kutwa na mwanamume mtu mzima. Anataka kujua mwanamume huyo ni nani. Mama yangu aliniangalia. Mwiko ulikuwa mkononi mwangu na nilishindwa kuuweka chini. Sebuleni baba yangu alikuwa anatafuta maneno, nasikia anavyovuta pumzi, ndipo sauti nyingine ikasema, taratibu, kwa Ekegusii, sauti niliyoijua kwa Kiswahili tu.

"Sherehe hiyo nilikuwepo," ilisema. "Na nilikunywa chai."

 Mle ndani walikuwamo wazee wa kanisa wa pande zote mbili, watu waliokuwa wamemsikia akihubiri juu ya chai sabato ngapi sijui. Shangazi Kwamboka akauliza kama amesikia sawasawa. Akasikia tena. Nilikunywa vikombe viwili, akasema. Cha kwanza nilipewa, cha pili niliomba mwenyewe, na kilikuwa na tangawizi. Kuhusu kucheka, watu wote walicheka, naye pia. Palikuwa na wageni tu mle ndani, hapakuwa na binti ya mtu wala baba ya mtu, hiyo ndiyo sheria ya nyumba ile na yeye aliiheshimu. Binti wa boma hili hajawahi kumwona. Atamwona leo, kwa mbali, inavyotakiwa. Baada ya hapo hakuna aliyenikumbuka. Walizungumza chai. Mjomba wangu alisoma maandiko, mzee mmoja akauliza kama maziwa yalikuwa mengi kuliko majani, Shangazi Kwamboka alilia kidogo kwa ajili ya jina la familia, na katikati ya vurugu hiyo ng'ombe walikubaliwa karibu bila ubishi. Nilipoletwa mlangoni kuonekana, niliinamisha macho kama nilivyofundishwa. Lakini niliyainua mara moja tu, nikamwona ameketi upande, uso ameuelekeza ukutani, kofia magotini, na anautabasamia ukuta kwa mdomo wazi. Lile pengo lilikuwa pale pale. Nikajua Samwel alijifunza kwa nani kulia kama kifaranga.

Hilo alililipia. Kanisani kwao alikaa benchi la nyuma msimu mzima, mtu aliyekuwa akikaa mbele, na watoto wa Nyakoe walimwita Chai kwa siri. Mimi niliolewa Desemba ya mwaka huohuo, Zuhura akavaa dhahabu zote za mama yake. Nikamaliza taipu, nikapata kazi ya kupokea wagonjwa hospitalini, dirishani, na kwa miaka mingi niliongea na wageni kutwa nzima na kulipwa kwa hilo. Kila aliyekuja analia au anaogopa nilimwuliza kwanza jambo lisilokuwa na ukoo: mvua imenyesha kwenu, umekula nini asubuhi. Na nyumbani nilimwamkia baba mkwe kwa mbali, naye akanijibu kwa mbali, siku baada ya siku, vizuri kabisa, kama watu ambao hawajawahi kuonana.

Miaka ikapita, mama mkwe akatangulia, mzee akapofuka. Alikaa barazani kwake na kofia yake mpya, ile ya zamani ilishakufa, na zamu ya kumpelekea uji ilipokuwa yangu niliuweka kwenye kigoda, nikarudi nyuma hatua zangu, nikasema umefika. Mwaka jana, mwezi wa nne, mvua ilinikuta pale barazani. Ilianguka yote mara moja juu ya mabati. Nilisimama pembeni kabisa, mgongo ukutani, nikingoja ipungue. Akainua kichwa.

"Karibu, Mgeni," akasema. Alisema kwa Kiswahili.

 Akasema leo yeye amezaliwa, na anashangaa nyumba hii haina hata chai. Nilikimbia kwenye mvua ile, mimi mwenye shinikizo la damu, nikachemsha, nikatwanga tangawizi, nikarudi na vikombe viwili chini ya kanga. Nikavuta kigoda nikaketi kando yake, karibu, mahali ambapo sikuwahi kuketi. Alinusa, akafumba macho yale yasiyoona. Aliniuliza kama mama wa samaki bado yuko hai. Tulibishana tena kuhusu viazi vitamu. Hakuwa amebadilisha msimamo. Nilimwambia nina wajukuu, na mmoja wao anaficha paka chini ya kitanda, naye akacheka hadi chai ikamwagika. Halafu mvua ikaanza kupungua, na wote wawili tukaisikia inapungua. Akaniuliza, yule mkwe niliyekuwa nikimwogopa, yule wa mbuzi, mwishowe alikuwaje?

Nilimwambia kweli. Nikasema, "Alikuwa na meno, Bwana Fulani, yote isipokuwa moja. Nilimpenda sana yule mzee. Ila hatukuwahi kuongea."

Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akanyoosha mkono akanipa kikombe, na vidole vyake havikugusa vyangu. "Basi ukimwona," akasema, "mwambie Fulani anamsalimu." Nikasimama, nikarudisha kigoda mahali pake. Kutoka uani mtu alimwita kwa Ekegusii, naye akajibu kwa Ekegusii, na mimi nikateremka na vikombe vyangu nikiangalia vidole vya miguu.

Ndiyo maana siku ya mazishi, zamu yangu ilipofika, nilichukua udongo, nikainama juu ya kaburi la baba mkwe wangu, nikafikisha ujumbe niliotumwa. "Mzee," nikamwambia kwa Kiswahili, "Bwana Fulani anakusalimu."